Kaisari Mfukoni, Kaisari Kileleni

Sikiliza kwanza, msikilizaji, kabla sijasema lolote. Naiangusha hii hapa mezani, karibu na maikrofoni. Umesikia? Mlio umekwenda, umekwenda, ukafifia taratibu kama kengele ya kanisa la kijiji cha pili. Sasa naangusha hii nyingine. Ko! Imekwisha, haina zaidi.

Hiyo ya pili ni shilingi 500. Nimerudishiwa chenji asubuhi hii niliposhuka kwenye daladala pale stendi. Ya kwanza ni rupia ya Mjerumani ya mwaka 1890. Ilikuwa ya marehemu bibi yangu mzaa baba, mtu wa Uru, aliyeihifadhi miaka yote ndani ya kopo la hamira juu ya dari, pamoja na vifungo vya nguo na sindano ya kushonea magunia. Sisi wajukuu tukiomba kuichezea alikuwa na jibu moja tu: "Iacheni hiyo, siyo yetu. Ni ya kodi." Akalifunga kopo. Jibu hilo sikulielewa mpaka nilipokuwa mtu mzima, na nitalirudia baadaye.

Wazee walikuwa wakiijaribu fedha kwa sikio. Unaigonga kwenye jiwe, unasikiliza, na ukiwa na shaka bado unaing'ata. Rupia hii ina uzito wa gramu 11.66, na karibu sehemu 92 katika kila 100 ni fedha tupu, kipimo kilekile cha rupia ya India iliyokuwa ikitembea pwani yote tangu zamani. Hiyo 500, iliyoanza kutoka mwaka 2014, ni chuma kilichopakwa nikeli. Ipelekee sumaku uone itakavyorukia.

Na hapo lugha yetu inatusaliti kidogo. Fedha ni yale madini meupe anayofulia sonara bangili. Fedha ni hizo pesa zote, hata zile zilizo kwenye simu ambazo hujawahi kuzigusa. Tuna Wizara ya Fedha, tuna bajeti ya fedha, tuna mwaka wa fedha, na katika mizunguko yote hiyo huoni hata punje ya madini yenyewe. Neno limebaki kama jina la shamba ambalo mti wake ulikatwa.

Sasa nikuchoree kwa maneno, maana redio ina ubaya wake huo, hukioni nilichoshika. Upande mmoja yuko mwanaume amegeukia kushoto. Sharubu zimepinda juu kama pembe za ng'ombe wa Ankole. Amevaa sare ya kijeshi na kofia ya chuma, na juu ya kofia ametua tai mwenye taji. Bibi alikuwa akimwita "yule mwenye kuku kichwani." Kumzunguka kuna maandishi, nayasoma herufi kwa herufi: GUILELMUS II IMPERATOR. Geuza upande wa pili. Kuna ngao, ndani yake simba na mti wa jamii ya mnazi, na jina refu la Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Naam, kampuni. Mwaka 1890 waliotoa sarafu hii walikuwa wafanyabiashara wenye hati ya mfalme. Tusiwacheke sana, maana leo hela zetu nyingi zinalala usiku kwa makampuni ya simu.

Lakini rudi kwenye yale maandishi. Hicho si Kijerumani, ni Kilatini. Wilhelm wa Pili alizungumza Kijerumani na watu wake wa Berlin. Huku mlimani Kilimanjaro watu walizungumza Kichaga, na wenye biashara Kiswahili. Ukiwatoa mapadri, hakuna mtu upande wowote aliyezungumza Kilatini nyumbani kwake. Kwa nini basi kijana wa miaka thelathini na kitu ajiandike kwa lugha ya watu waliokufa zamani? Kwa sababu "imperator" ndilo neno waliloligonga wafalme wa Roma kwenye fedha yao. Na "Kaiser," cheo chake cha kila siku, ni "Kaisari" yuleyule, ametamkwa Kijerumani. Mtu huyu alikuwa amevaa nguo ya kuazima.

Dinari ya Kirumi yenyewe ilikuwa kitu kidogo. Ukiiweka pembeni ya rupia hii wanafanana na mama na mwanawe: gramu 4 kasoro kidogo enzi za Augusto. Ila ilikuwa fedha karibu tupu, na askari wa miguu wa Augusto alilipwa dinari 225 kwa mwaka mzima. Waendao kanisani wanaijua bila kujua kwamba wanaijua. Ndiyo ujira wa kutwa wa wale vibarua wa shamba la mizabibu. Na ndiyo ile aliyoletewa Yesu alipoulizwa habari za kodi, naye akataka aambiwe sura iliyochorwa pale ni ya nani. Wataalamu wengi wanaielekeza kwenye dinari ya Tiberio, aliyetawala kuanzia mwaka 14 hadi 37. Upande mmoja kichwa chake kimevishwa shada la majani, na maandishi yanamtaja kuwa mwana wa Augusto, na Augusto anaitwa mungu. Upande wa pili mwanamke ameketi, fimbo ya enzi mkono mmoja, tawi mkono wa pili.

Sasa chukua andiko hilo ulilete hapa kwetu. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Mhubiri anauliza, sura hii ni ya nani? Mzee aliyeketi benchi la mbele angeweza kutia mkono kibindoni, akatoa rupia kama hii, akaitazama, na akajibu neno lilelile la Injili bila kubadilisha hata herufi: ya Kaisari. Mahali pengi duniani mhubiri alilazimika kueleza Kaisari ni nani. Moshi hapakuwa na haja. Alikuwa mfukoni.

Warumi hawakuanza hivyo, na hili ndilo linalonifurahisha katika habari yao. Kwa vizazi vingi kichwa kwenye fedha yao kilikuwa cha Roma, mungu wa kike mwenye kofia ya vita, na nyuma yake wanaume wawili mapacha wanakimbiza farasi. Mtu aliye hai kuchorwa kwenye fedha ya umma ulikuwa mwiko, mambo ya wafalme, na wao wafalme walikuwa wamekwisha kuwafukuza. Julius Kaisari akauvunja mwiko huo mwanzoni mwa mwaka 44 kabla ya Kristo. Mwezi Machi mwaka uleule wakamchoma visu barazani. Sisemi walimuua kwa ajili ya sarafu. Sarafu ilitangaza kwa sauti jambo ambalo watu walikuwa wakinong'onezana.

Kisha Brutus, kiongozi wa wale waliomuua, akagonga dinari yake mwenyewe ili kuwalipa askari. Nayo imebaki kuwa moja ya sarafu mashuhuri kuliko zote duniani. Visu viwili vimesimama, katikati yake kuna kofia ya duara, kofia aliyovaa mtumwa siku ya kuachiwa huru. Chini imeandikwa tarehe ya mauaji. Ujumbe unaeleweka hata kwa asiyejua kusoma: kwa visu hivi mmepata uhuru. Basi geuza upande wa pili umwone aliyechorwa. Brutus mwenyewe! Yule aliyemuua mtu kwa kujifanya mfalme naye ameweka kichwa chake palepale. Mimi hapo hucheka kila mara.

Kuna sarafu nyingine ya Kaisari ninayoipenda zaidi, ya wakati vita vya wao kwa wao vilipoanza, mwaka 49 au mwanzoni mwa 48 kabla ya Kristo. Hakuna kichwa cha mtu. Yuko tembo, anatembea, na mbele ya miguu yake yuko nyoka anayekaribia kukanyagwa. Chini jina CAESAR, basi. Inasemwa iligongwa na mafundi waliokuwa wakitembea na jeshi, leo kambi hii kesho ile, kwa sababu askari asiyelipwa hageuki nyuma kuaga.

Na sisi tuna tembo wetu. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wa Afrika Mashariki walikuwa wamezingirwa, meli za Uingereza zimefunga bahari, sarafu kutoka Berlin haziji. Wakageuza karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha kugonga pesa. Dhahabu ikatoka mgodi wa Sekenke. Wakatoa sarafu ya rupia 15, upande mmoja tai wa Ujerumani, upande wa pili tembo ameinua mkonga, na nyuma yake milima. Wakusanyaji wengi huitaja kuwa ni Kilimanjaro. Ziligongwa elfu 16 na ushei. Shaba ya hela 5 na hela 20 za Tabora ilitoka popote ilipopatikana, pamoja na maganda ya risasi. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia mjini. Tembo wa Julius Kaisari alikuwa anakwenda kushinda. Tembo wa Tabora alikuwa anakimbia. Ukiwachora wote wawili ukaficha majina, huwezi kujua.

Hapa nimelitaja neno "hela," ngoja nilimalize. Mwaka 1904 Wajerumani waliacha kuigawa rupia kwa pesa 64, wakaigawa kwa heller 100. Heller ni jina la senti ndogo ya fedha iliyogongwa zamani katika mji wa Hall, kusini mwa Ujerumani. Utawala ule umekwisha zaidi ya miaka 100, rupia imekwisha, heller imekwisha hata kwao. Lakini ukipita soko la Kiboriloni hapa Moshi utasikia mji wa Hall unatajwa kila dakika: "Mama, hela yako hii hapa."

Turudi mlimani. Tarehe 6 Oktoba 1889, wapanda milima Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha juu kabisa cha Kibo. Walitokea Marangu, na Marangu watakutajia jina la Yohani Kinyala Lauwo kuwa ndiye aliyewaonyesha njia. Meyer akakiita kilele kwa jina la Kaisari Wilhelm. Akachukua na jiwe pale juu, kipande chake kikapelekwa kwa Kaisari mwenyewe, kikawekwa katika ukumbi wa kasri la Potsdam. Mwaka uliofuata, 1890, ndipo rupia hii niliyoshika ilipogongwa. Kwa hiyo katika muda wa miezi kadhaa tu mtu yuleyule alikwisha kuwekwa sehemu mbili: juu kabisa ya mlima na chini kabisa ya kibindo.

Nikatishe kidogo. Utasikia watalii wakiambiwa kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Wilhelm mlima huu kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Hadithi tamu, ila siyo kweli. Waingereza na Wajerumani waligawana mwaka 1886 kwa mkataba, na Wilhelm akawa Kaisari mwaka 1888. Alikuta mlima umo ndani ya nyumba.

Sasa, kileleni mtu hapandi ovyo. Jina lile la juu waliolisoma ni wachache wenye ramani. Sura ya mfukoni ndiyo iliyofanya kazi, na ilifanya kazi kwa njia ya kodi. Amri ilitolewa mwaka 1897, ikaanza kutumika 1898: kila nyumba rupia 3. Kabla ya hapo biashara ya mlima huu ilikwenda kwa shanga, waya wa shaba, nguo za merikani, mbuzi, ng'ombe, pembe. Mtu angeweza kuishi na kuzeeka kihambani kwake bila kumwona huyu mwenye kuku kichwani. Baada ya 1898 haiwezekani. Lazima umtafute. Utauza ndizi au maziwa kwa askari, utabeba mzigo, utakwenda kuvuna kwenye shamba la mzungu, mpaka umpate mara tatu. Ukishampata unampeleka bomani, unamrudisha kwa wenyewe. Mwakani unamtafuta tena.

Watu husema sarafu ilikuwa redio ya watawala wa kale. Mimi ni mtu wa redio na ninakataa. Redio unaweza kuizima. Hata sasa, ukinichoka, mkono wako uko karibu na kitufe. Picha iliyo kwenye fedha ya kodi huizimi, kwa kuwa wewe mwenyewe ndiye unayeitolea jasho. Tiberio alijua hivyo, na karani wa boma la Moshi alijua hivyo.

Na vichwa havikuwa vya kuchorwa tu. Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi, mwana wa Mangi Rindi, watu wake walilishinda jeshi la Wajerumani mwaka 1892, akaja kushindwa mwaka uliofuata. Tarehe 2 Machi 1900 alinyongwa hadharani pale Old Moshi, yeye na viongozi wenzake. Simulizi za huko zinasema kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekuwa ukikidai miaka nenda rudi. Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimewapata ndugu walio hai wa baadhi ya mafuvu yaliyochukuliwa Afrika Mashariki, likiwamo la mtu wa karibu wa Mangi Meli. La Meli mwenyewe bado linatafutwa. Kwa hiyo kichwa kimoja kililetwa kwetu kwa maelfu, kimegongwa kwenye fedha, na kingine kiliondolewa.

Mwingereza alipoingia, hakubadilisha mtindo, alibadilisha kichwa. Shilingi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1921 ina upande mmoja Mfalme George wa Tano, na maandishi yake, hebu nikusomee: GEORGIVS V REX ET IND: IMP. Kilatini tena! Na hata "u" imeandikwa kama "v," ya Kirumi kabisa, utadhani iliokotwa mtaroni Roma. Mfalme na imperator wa India. Upande wa pili simba amesimama mbele ya milima. Kwa shilingi hizo ndipo mlima huu ulipoanza kuuza kahawa kwa nguvu. Chama cha wakulima wa kahawa Wachaga kikaundwa 1925, na chama chao cha ushirika, KNCU, kikazaliwa 1933. Ila ndani ya shilingi ile fedha ilikuwa robo tu, sehemu 25 kwa 100. Ikaendelea hivyo mpaka India ilipojitawala mwaka 1947. Shilingi ya 1948 ikatoka bila "imperator" na bila hata punje ya fedha. Viliondoka pamoja, na nadhani ilikuwa haki.

Warumi nao walipita njia hiyo. Nero, mwaka 64, aliipunguza dinari uzito na kuichanganya. Waliomfuata wakaongeza shaba kidogo, wakaongeza tena, mpaka miaka ya 260 sarafu zao zikawa shaba iliyopakwa rangi ya fedha, ikibanduka kwenye vidole vya mwenye duka. Kichwa kilibaki kikubwa, taji likaongezewa miale. Kadiri fedha ilivyopungua ndani, ndivyo Kaisari alivyojipamba nje.

Siwezi kuzungumza fedha na picha nikaacha kuwataja watu wa pwani yetu, kwa kuwa wao walifanya kinyume. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu kule Pemba, wachimbaji wa mambo ya kale walipata hazina ya sarafu ndogondogo za fedha zaidi ya 2,000, za karibu miaka 1,000 iliyopita. Hakuna kichwa hata kimoja, wala mnyama. Kuna maandishi ya Kiarabu tu. Na maandishi hayo, kama yale ya sarafu za shaba za masultani wa Kilwa, yana vina: upande mmoja maneno ya kumtegemea Mungu, upande wa pili jina la mtawala, na pande mbili zinamalizikia kwenye sauti moja. Yaani unageuza sarafu kama unavyokwenda kwenye mshororo wa pili. Mtawala anayetafuta kina kabla ya kutafuta mchoraji, huyo ni wa kwetu.

Ukafika uhuru. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alisimama kileleni na bendera na mwenge. Jina la Kaisari Wilhelm likaondoka, kikawa kilele cha Uhuru. Benki Kuu ikafunguliwa Juni 1966, na mwaka huo zikatoka sarafu zetu za kwanza. Shilingi moja ilikuwa na mkono ulioshika mwenge. Kwa mara ya pili mlima na sarafu vilibadilishwa kwa pamoja, na safari hii mwenge uliokuwa kileleni ndio ulioshuka mfukoni.

Na upande wa pili? Kichwa cha Mwalimu Julius Nyerere. Julius! Mtu ambaye miaka 3 nyuma, mwaka 1963, alikuwa ametoa tafsiri yake ya Kiswahili ya tamthilia ya Shakespeare, habari ya Julius Kaisari na visu vya mwezi Machi. Hakuna aliyeijua hadithi ile kuliko yeye. Sitamlinganisha na Wilhelm hata kidogo. Mmoja tulimchagua, mwingine alituletea risiti. Lakini kama ningeulizwa mimi wakati ule ningesema mwenge unatosha, na upande wa pili wekeni mnyama. Leo 100 ina Nyerere na swala, 200 ina Karume na simba, 500 ina Karume na nyati. Nao wanyama, naona, ndio watu wanaowaangalia.

Nasema hivyo kwa ushahidi wa utoto wangu. Kulikuwa na samaki kwenye senti 5, mbuni kwenye senti 20, sungura kwenye senti 50. Sungura yule niliwahi kukataa kumtumia dukani, nikarudi nyumbani bila chumvi, nikachapwa. Kichwa tulikikumbuka siku ya mpira tu, tunarusha shilingi kuchagua goli: kichwa au mwenge? Watoto wa Roma walikuwa na mchezo huohuo, wao wakiita vichwa au merikebu, kwa sababu sarafu zao za zamani za shaba zilikuwa na omo ya merikebu upande wa nyuma.

Nimalizie na jambo lililonifanya nilete kopo la bibi studio. Majuzi, Mbuyuni, kijana amenifuata na kitambaa kimefungwa fundo. Ndani ana rupia, anasema ni ya Mjerumani, ina nguvu, inavuta mchele. Bei yake milioni. Mchele akawa nao mfukoni, tayari kwa maonyesho. Nikamwambia fedha haivuti kitu, wala sumaku haiivuti yenyewe. Ikivutwa na sumaku, mdogo wangu, umeuziwa chuma. Akafunga fundo lake. Na wako wanaokesha wakichimba karibu na maboma na makanisa ya zamani wakitafuta mali ya Mjerumani, wanabomoa misingi na kufukua makaburi ya watu. Hakuna mchele utakaovutwa. Acheni.

Ombi langu ni kwa wewe mwenye rupia ya kweli, ya nyumbani, iliyo nyeusi ndani ya kopo. Usiisugue kwa jivu wala kwa limau. Weusi ule hauili, na ukiuondoa unaondoka na sharubu. Usimpelekee sonara aiyeyushe. Mkalishe chini mzee aliyebaki, muulize ilifikaje: nani alilipwa, alibeba nini, aliuza nini, mwaka gani. Yaandike kwenye kipande cha karatasi, ukitie humo humo ndani ya kopo.

Mimi nilichelewa kumuuliza bibi, ikabidi nimuulize shangazi. Baba yake bibi alikuwa amekamilisha rupia 3 za kodi ya mwaka 1916, akazitenga. Mwezi Machi Waingereza wakaingia Moshi, na Mjerumani akaondoka kabla ya kuja kukusanya. Mbili zilipotea baadaye. Karatasi iliyo ndani ya kopo la hamira nimeiandika hivi: rupia ya kodi, 1916, Uru, haikulipwa.